Abiria Aliyebaki Ndegeni

Chumba cha uani, Bellevue,
Johannesburg.
Jumapili, mwezi wa tisa.

Kwa mama yangu mpenzi, Perpetua,

Shikamoo, mama. Sijui barua hii itakukuta saa ngapi, ila naomba ikukute umekula. Goti linaendeleaje? Mussa aliniambia umeacha kulifunga kile kitambaa cha joto kwa sababu eti kinakufanya uonekane mzee. Mama, wewe ni mzee. Kifunge. Na kuku, na paa la jiko, na yule mama anayemwaga maji machafu upande wako wa ua, vyote nataka habari zake.

Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya huku imeanza kuachia, asubuhi naweza kutoka na sweta moja badala ya mawili. Kazi ipo. Kwenye karakana yetu kule Doornfontein tunashona majoho ya wanafunzi wanaohitimu chuo, meusi matupu, kutwa nzima macho yangu yako kwenye kitambaa cheusi. Majirani zangu Wakongo wamepata mtoto mwingine, wamemwita Gradi, na kanisa lao limehamia sebuleni kwao, kwa hiyo Jumapili hakuna tena kulala mpaka saa nne. Naandika huku wakiimba. Wanaimba vizuri, siwezi kuwalaumu.

Barua hii anakuletea Najma, yule dada wa Tanga anayeuza vitenge kando ya barabara kule Marshalltown. Anakwenda Dar kwa basi kumwona mama yake, na ameahidi kufika Morogoro mwenyewe akukabidhi mkononi. Mkaribishe chai. Usimuulize kilichomo, hajui.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Mama, masikio yako na simu siku hizi hayapatani. Mimi nakupigia kelele huku, Mussa anayarudia maneno yangu huko, na mwisho wa siku mtaa mzima unajua kinachonisumbua. Haya ya leo hayafai kupita mdomoni mwa jirani, hata akiwa mwema kama Mussa. Nilikutumia ujumbe tu kwamba Gogo, mama yake baba, amefariki, nawe ukamwambia Mussa ajibu kwamba unanipa pole na Mungu ampokee. Nilishukuru. Lakini hujui tulifanya nini wiki ile kabla hajafa, na wewe una haki ya kujua kuliko mtu yeyote, maana habari yenyewe ni ya mume wako.

Siku ndugu zake walipokuja kumchukua baba kaburini unaikumbuka vizuri kuliko mimi. Hata hivyo acha niirudie, kwa sababu upande wako nimeusikia mara nyingi, ila upande wao sijawahi kukueleza ukaeleweka. Shangazi Nomathemba alikuja na tawi la mti wa miiba, ule ulio ndugu na mkunazi wetu, amelifunga kwa kitambaa cheupe. Kwao mtu akifa mbali, ndugu humfuata mpaka pale alipolazwa, wakamwita kwa majina ya ukoo, wakaliweka tawi juu ya kaburi, naye akapanda tawini wakarudi naye. Mifupa inabaki. Anayeondoka ni yeye mwenyewe. Njia nzima anayelishika tawi haongei na mtu mwingine, anaongea na marehemu tu, na anamwambia kila kitu: hapa tunapanda gari, hapa tunavuka mto, hapa tumefika, shuka. Asipoambiwa ashuke, anabaki palepale alipoachwa.

Wewe siku ile uliwapikia wali na kuku, ukawatandikia vitanda kwa mashuka yako mazuri, lakini kaburini hukwenda. Ulisema hakuna aliyekuuliza. Na kweli hakuna aliyekuuliza, mama. Walisimama pale Mazimbu, kwenye makaburi ya wapigania uhuru wa kwao, wakaongea Kizulu juu ya kaburi unalolipalilia wewe, wakaondoka wakijua wanaondoka naye.

Kuna jambo sidhani kama niliwahi kukuambia. Walimkatia tiketi. Shangazi alilipia viti viwili kutoka Dar, cha dirishani kikawa cha baba, akalilaza tawi pale na kulifunga mkanda, akawa anamweleza kila walipopita. Karibu na kutua mhudumu akaja, akasema mzigo ule hauruhusiwi kukaa kitini, akauweka kwenye kabati la juu. Shangazi alikuwa na presha tangu Morogoro. Magurudumu yalipogusa chini akazimia. Walimshusha kwa kiti cha magurudumu akiwa hajitambui, na alipozinduka hospitalini swali lake la kwanza lilikuwa tawi liko wapi. Ndege ilikuwa imeshafagiliwa na kuruka kwenda kwingine. Tawi bila shaka walilitupa. Lakini baba hakuna aliyemwambia ashuke.

Ulipopata habari hiyo ulicheka mpaka ukakohoa. Ulisema Zephania amekataa kwenda, hakuondoka hata hatua moja, yuko palepale kwake. Nami nilifurahi kukusikia ukicheka, maana tangu walipoondoka na tawi lao ulikuwa umenuna. Kule Soweto hakuna aliyecheka. Gogo alisema mwanawe amebaki ndegeni, amekaa dirishani anangoja kuambiwa.

Tangu hapo, mama, kwako baba yuko Mazimbu, unamfagilia kila Jumapili ukitoka misa. Nilipokuomba uje tuishi wote huku ulikataa kwa sababu yake, ukaniuliza utamwachia nani. Kwa mama yake baba yuko angani anazunguka. Na mimi, niliye mtoto wa pande zote mbili, nilikuwa nawaitikia nyote wawili.

Yupo Thabo, mtoto wa shangazi, anapakia mizigo pale uwanja mkubwa wa ndege. Ile ndege aliijua kwa namba iliyoandikwa mkiani, na kila akirudi kazini Gogo alimuuliza leo iko wapi. Thabo alimwambia leo iko Lagos, au imelala Nairobi, au iko gereji inabadilishiwa matairi. Siku za gereji Gogo alikula vizuri. Siku za Lagos aliuliza kama kule kuna mvua. Nadhani mara nyingine Thabo alibuni tu, maana ndege ni nyingi na yeye ana kazi yake, lakini hakuwahi kumjibu bibi yake kwamba hajui. Na ndege yoyote ikipita juu ya Soweto, Gogo aliacha alichokuwa anafanya akatazama juu. Mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo nilitaka kucheka. Baadaye nikajikuta na mimi natazama.

Mwaka huu ndege ikastaafishwa. Thabo alileta habari kwamba wameipeleka kwenye makumbusho makubwa ya ndege upande wa Germiston, wameiegesha kwenye nyasi na haitaruka tena. Gogo alikuwa hatoki kitandani tangu Pasaka. Aliposikia hayo alikaa, akaomba viatu vyake. Alisema sasa mwanawe amesimama mahali pamoja, sasa anaweza kushushwa, na lazima ashushwe kabla yeye mwenyewe hajaondoka, maana hataki kufika huko mbele na kumkosa. Shangazi hakutaka kulishika tawi tena, aliogopa. Gogo akasema atakayepanda ni mimi, damu yake.

Siku hiyohiyo nikakupigia. Safari ile masikio yako yalikubali, hatukumhitaji Mussa, ulisema mwenyewe kwa sauti yako, tena pole pole kama unamwambia mtoto. Uliniambia niende, nimpandie mama wa watu hiyo ndege, nilishike tawi lao, lakini mdomo niufunge. Nisimwite. Nikishuka nimwambie Gogo kwamba ameshuka, afe na amani yake, na baba yangu abaki na wewe. Nikakuchokoza nikakuuliza, si unasema wewe mambo ya matawi huyaamini? Ukasema huyaamini, na nisimwite. Nikakuahidi.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi: Gogo, shangazi, Thabo kwenye usukani, na mimi. Makumbusho yenyewe ni makubwa, mama, ukitazama kutoka getini utadhani shamba la mkonge lililooteshwa ndege. Ili kufika kule kwenye nyasi ilibidi tumsukume Gogo kupitia jengo kubwa lenye ndege za zamani zinazoning'inia darini, na za vita zilizochorwa meno, na injini zilizopasuliwa ili watu waone matumbo yake. Gogo alikuwa na tawi mapajani, amevaa kofia yake ya kanisa, hakutazama kitu. Watoto wa shule walituzunguka wakimwuliza mwalimu wao yule bibi amebeba nini.

Mwisho wa jengo ni ukumbi wa mambo ya anga za juu. Kuna vazi la mwanaanga limesimamishwa ndani ya kioo, na chombo kidogo cha duara kilichoungua chini. Hapo Gogo akainua mkono tusimame. Alitazama vazi, akauliza mwenyewe yuko wapi. Akatusogelea mlinzi mmoja, jina lake André, Mkongo wa Lubumbashi, Kizulu amekiokota kazini kama mimi nilivyokiokota karakanani. Alimweleza Gogo kwamba watu walikuwa wakivaa hivyo kwenda mwezini na kurudi, na kwamba wako wengine waliokwenda huko angani wasirudi. Gogo akauliza wale waliorudi waliijuaje njia. André akasema kuna watu huwa wamekaa chini, wanaongea nao njia nzima, wanawaambia sasa mko hapa, sasa fanyeni hivi, mpaka wanafungua mlango na kutoka. Gogo akaitikia kwa kichwa, akasema kumbe wanajua.

André alipousikia Kizulu changu akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili, "Dada, uko wa Tanzania?" Nikamweleza tumekuja kufanya nini. Alisema kanuni haziruhusu mgeni kuingia ndegeni na mzigo wala majani. Kisha akamtazama Gogo kwa muda, akasema macho yake mwenyewe siku hizi ni mabovu, hakuona jani lolote. Akatangulia kufungua.

Ile ndege, mama, kwa karibu inasikitisha. Rangi imebabuka, matairi yamekaa kwenye vipande vya mbao, majani yameota kuizunguka. Ngazi ni ya chuma, mwinuko mkali, na Gogo hakuweza hata kujaribu. Alinipa tawi kwa mikono miwili. Tangu hapo sikuruhusiwa kuongea na mtu. André akasimama mlangoni kuwazuia watoto wa shule, nami nikaingia peke yangu.

Ndani kuna harufu ya zulia la zamani. Viti vimepauka upande wa jua. Shangazi alikuwa amenielekeza, mkono wa kushoto, nyuma kidogo ya bawa, dirishani. Nikasimama pale na tawi langu. Kupitia dirishani niliwaona chini, shangazi ameshika vishikio vya kiti cha magurudumu, na Gogo amenyanyua uso. Nikafunga mdomo kama nilivyokuahidi. Nilikaa hivyo muda wa kutosha kumridhisha mtu anayengoja, kisha nikashuka.

Pale chini ya ngazi tulichelewa kidogo. Mwishowe Gogo alikaa na tawi kifuani, machozi yanamtiririka, na tukaondoka.

Ndani ya gari aliyeongea alikuwa yeye tu. Alimwambia baba kwamba hapa tunatoka getini. Hapa ni robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, ni nyekundu, tunasimama kidogo. Hivi ni vilima vya mchanga wa migodi, unavikumbuka, vimepungua, wameuchota tena. Alimwambia mti wa mpichi uliokuwa uani umekufa, na baba yako naye alikufa, baridi iliyofuata baada ya wewe kuondoka, hakuwa mgonjwa, alikaa tu kwenye kiti akawa anatazama barabarani. Alimwambia walitaka kutuhamisha ile nyumba tukakataa, ungetupata wapi? Thabo alikuwa anaendesha huku akijifuta uso kwa mkono wa shati. Kufika mlangoni Gogo akamwambia inamisha kichwa, umekuwa mtu mzima, mlango ni uleule.

Wakachinja mbuzi, majirani wakaja. Tawi akalilaza kitandani kwake upande wa ukutani, akawa analala ukingoni ili lipate nafasi. Siku zilizofuata alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwake. Akala uji, akamtania Thabo kwamba sasa amekosa kazi ya kumletea habari. Ndege zilipita juu na hakutazama hata moja. Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, aliomba mlango uachwe wazi apate hewa. Shangazi alipoenda kuchukua bakuli akakuta ameshaondoka, mkono wake uko juu ya tawi. Tulimzika wiki iliyofuata, watu wengi sana, na tawi wakalilaza pembeni yake jenezani, kwa sababu alikuwa amewaagiza hivyo.

Ningeweza kuishia hapo, mama. Ungeisoma, ungesema Eva amefanya kama nilivyomwambia, bibi wa watu amekufa na amani yake, na maisha yangeendelea. Karatasi ya kwanza niliishia hapo kweli. Nikaichana.

Nilipanda ile ndege mara mbili.

Mara ya kwanza ni hiyo niliyokueleza. Nilishuka nikamwekea Gogo tawi mapajani na kumwashiria kwa kichwa kwamba tayari. Akaliinua, akaliweka shavuni, akataja majina ya ukoo, akangoja. Kisha akaniambia taratibu kwamba hayumo. Hakukasirika, wala hakunishuku. Ningeona, mama, nilikuwa namtazama machoni nikitafuta. Alinishika mkono akasema kosa ni lake yeye. Alisema amemtuma mtoto ambaye baba yake alimwacha bado ananyonya, sasa anasikia hatua za mwanamke mzima zinakuja, atajuaje ni nani? Akaniambia nirudi, nijitambulishe kwanza kama anavyojitambulisha mgeni mlangoni, nimwambie mimi ni nani na mama yangu ni nani, halafu ndipo nimwite.

Angenigombeza ningevumilia. Ningekunja uso nikashika ahadi yako. Lakini alinionea huruma. Alidhani sikuitikiwa, akanionea huruma kwa kutoitikiwa na baba yangu.

André alikuwa bado mlangoni, na yeye alijua, maana masikio yake yalikuwa mazima. Nilipompita akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, ile mara ya kwanza haukumuita." Nikapita na tawi langu. Mwiko ulinikataza kuongea.

Nilikaa kwenye kiti cha pembeni yake. Kizulu chote kilinitoka. Nikasema kwa Kiswahili, ile lugha uliyoniambia alikuwa ananibembelezea. Nikasema, Baba, shikamoo. Mimi ni Eva wa Perpetua. Uliniacha natambaa, sasa nina mvi. Kisha nikashindwa kuendelea, kwa sababu ndipo nilipojisikia kwa mara ya kwanza nikimwita mtu baba. Maisha yangu yote nimesema "baba yangu" kwa watu wengine, shuleni, kanisani, kwa maofisa wa uhamiaji, nikieleza alikuwa nani na alifia wapi. Yeye mwenyewe sikuwahi kumwita. Neno likaninogea mdomoni, mama. Nikamwita tena, na tena, Baba, Baba, kwa sauti, mpaka nadhani watoto wa shule walinisikia kule chini.

Na hili ndilo ninalokuungamia, maana kuvunja ahadi peke yake ungenisamehe ukisikia habari za Gogo. Sikumwita kwa ajili ya Gogo. Wakati ule nilikuwa nimemsahau Gogo, na wewe nikakusahau. Nilimwita kwa tamaa yangu. Wewe uliishi naye, una sauti yake kichwani, unajua alivyokuwa anavaa viatu. Gogo alimnyonyesha. Mimi nilikuwa sina hata siku moja, nikataka aje kwangu, hata kama ni kwa ngazi ile tu, kutoka juu mpaka chini.

Nikamwambia ndege imesimama, tumefika, twende. Nikamwambia mama yake anamngoja. Nikamwambia pia kwamba wewe hukuruhusu, kwa sababu sikutaka aje kwa kudanganywa. Halafu nikashuka, na kila kidato cha ngazi nikamwambia hiki hapa, angalia, kingine. Sijui kama tawi lilikuwa zito kuliko mara ya kwanza. Nilikuwa nalia. Gogo aliliweka shavuni, hata majina ya ukoo hakuyataja. Alisema tu, haya, twende nyumbani.

Wewe huyaamini matawi, na huenda uko sahihi, huenda bado yuko palepale Mazimbu na sisi tulizika mti. Nimejaribu kujituliza kwa hilo wiki nzima. Lakini ungekuwa huyaamini kweli usingeniambia nifunge mdomo. Kwa hiyo nakuandikia kama mtu aliyekuchukulia kitu chako. Tawi liko chini ya ardhi na Gogo, na hakuna njia ya kulirudisha, hata ningetaka. Na sijui kama nataka.

Kuna neno nimeachiwa nikufikishie. Siku moja kabla hajafa Gogo aliniuliza baba alikufaje. Katika miaka yote hakuwahi kuuliza, nadhani aliogopa jibu. Nikamwambia ilikuwa malaria, wenzake walikuwa wamekaribia kuanza kurudi kwao, na kwamba ulimweka kichwa mapajani tangu jioni mpaka alipokata roho, ukakataa wamwondoe mpaka asubuhi. Gogo akauliza kama ulikuwa unamwimbia. Nikasema ndiyo. Akasema, basi mwambie makoti wangu nimemshukuru, alinishikia mtoto. Makoti, mama, ni mke wa mwana. Miaka yote hiyo ulikuwa "yule wa Tanzania". Umepewa jina hilo wiki ileile niliyokunyang'anya mwenye kulifanya liwe na maana, na nimelia kwa yote mawili.

Sithubutu kukuambia uje huku sasa. Ningekuambia ungeona kama nilipanga. Ila kitanda kipo, na karibu na kaburi la Gogo kuna nafasi ya kukaa. Ukiamua kununa, nuna, ni haki yako. Usiache tu kula kwa sababu yangu.

Wasalimie majirani wote wa uani. Mwambie Mussa nashukuru kwa yote na asikasirike kwamba safari hii nimempita. Msalimie padri, na yule rafiki yako wa kwaya mwenye sauti ya kukwaruza. Najma atakaa mwezi mmoja kisha atarudi huku, na atapita kwako kabla hajaondoka.

Huwa namalizia barua kwa kukuomba umfikishie baba salamu zangu ukienda Mazimbu. Leo kalamu ilianza kuandika hivyo yenyewe, nikaisimamisha. Mimi ndiye niliye karibu naye sasa. Kama una neno la kumwambia, hata la kumgombeza kwa kuondoka bila kukuaga, mpe Najma. Nitakwenda nimwambie, kwa Kiswahili, kama utakavyolisema.

Ni mimi mwanao,
Eva Zephania